Kufunga geji ya presha ya oili kwenye pikipiki ya zamani

Nikiegesha pikipiki yangu pale Chikongola, hapa Mtwara mjini, haziishi dakika tano kabla kijana wa bodaboda hajasogea. "Shikamoo mzee. Hizi saa mbili za juu nazijua, ya spidi na ya mizunguko. Hii ya tatu huku chini ni ya nini?" Namwambia ni geji ya presha ya oili. Swali linalofuata nalijua kabla hajafungua mdomo: "Na kwenye Boxer yangu itafungika?" Halafu wapo wenye pikipiki za zamani kwelikweli, wa Masasi, wa Lindi, hata wa Nachingwea, wanaopiga simu kuuliza uzi wa swichi ni saizi gani, mpira wautoe wapi, na mbona wameshafunga lakini inavuja. Nimejibu mpaka koo limekauka. Haya, majibu yote yapo hapa.

Yangu ni Honda CB750 ya mwaka 1976. Niliinunua Mikindani kwa mzee aliyekuwa ameifunika turubai bandani, kuku wanatagia juu ya siti. Mifano mingi nitaitoa humo, ila kazi ni ileile kwa pikipiki yoyote ya zamani yenye swichi ya oili, ile inayowasha taa nyekundu presha ikishuka.

Taa ya oili si ipo?

Ipo. Lakini taa nyekundu huwaka presha ikishashuka kwenye bar 0.2 hadi 0.5 hivi, kutegemea swichi. Injini inayohitaji bar 4 ukiwa kasi, ikifika hapo imeshaanza kujitafuna. Kati ya 4 na 0.5 kuna safari ndefu, na safari yote hiyo taa imezima, wewe unapiga miluzi. Geji inakuonyesha presha inavyopungua wiki hadi wiki, kabla injini haijanoki.

Bar na PSI vyote ni vipimo vya presha: bar 1 ni PSI 14.5. Ukikuta geji ya PSI 100, hiyo ni karibu bar 7.

Kabla hujatoa hela, ijue injini yako

Hapa ndipo watu wanapoliwa. Si kila injini ina presha ya kupima.

Suzuki TF, Yamaha DT, AG100, zile walizokuwa wakipanda mabwana shamba, ni tu-stroki. Oili yake inaungua pamoja na petroli. Hakuna presha pale, geji utaifunga kwenye nini?

Boxer, TVS na Honda CG125 ni fo-stroki, ila krenki yake, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inazunguka kwenye beringi za gololi na haitaki presha kubwa. Hazina hata swichi ya oili. Kijana wangu, hela ya geji nunulia oili, uimwage mapema kuliko unavyoimwaga sasa.

Zipo kubwa za zamani zenye krenki ya beringi za rola, kama Suzuki GS750 na GS1000. Hizi zina presha, lakini ndogo kwa makusudi: kwenye mizunguko 3000 kwa dakika, oili ikiwa ya moto, unatarajia kati ya bar 0.1 na 0.5. Ukifunga geji ya bar 7 mshale utalala palepale kwenye sifuri na wewe utafungua injini nzima isiyo na ugonjwa. Yupo rafiki yangu aliyefanya hivyo, akatoa na pampu. Tafuta geji ya bar 0 hadi 1.

Zinazofaa kwa geji ya bar 7 ni zile zenye beringi za vibati, kama za gari: Honda CB750, CB500 na CB550, BMW za silinda mbili zilizolala kuanzia miaka ya 1970, na Triumph za silinda mbili, ambazo konrodi zake ni za vibati. Triumph za mwishoni mwa miaka ya 1930 zilikuja kabisa na geji ya oili juu ya tangi, kwa hiyo akikuambia mtu kwamba unaharibu uasili wa pikipiki, mpe hiyo.

Vitu vya kuwa navyo

- Geji ya mitambo, si ya umeme, yenye maji ya gliserini ndani. Gliserini inatuliza mshale usitetemeke. Ya umeme nayo ni nzuri, ila ina waya na kihisio, na kwa hewa yetu ya chumvi waya za nje huota kutu ya kijani kabla mwaka haujaisha.
- Tii, yaani kiungio chenye midomo mitatu, ya shaba nyeupe yenye uzi sawa na wa swichi yako. Tii inakuwezesha kubaki na taa. Usiitoe taa, geji hutaitazama usiku.
- Mpira mwembamba wenye tefloni ndani na waya wa chuma cha pua uliosukwa nje, pamoja na viungio vyake. Mafundi wa mipira ya haidroliki wanaohudumia malori wanakutengenezea kwa urefu unaoutaka.
- Kizuizi: kipande cha shaba chenye tundu la milimita 1, kinachokaa ndani ya kiungio upande wa injini. Fundi wa kukereza vyuma anakitengeneza ukinywa chai.
- Gundi ya nyuzi isiyoyeyuka kwa oili, mafuta ya taa, mswaki wa zamani, tambara, spana, vibana waya vya plastiki.
- Bolti fupi ya kuzibia, yenye uzi uleule wa swichi. Umuhimu wake nitausema mwishoni, na utanishukuru.

Kazi yenyewe

1. Acha injini ipoe, kisha osha. Swichi ya CB750 iko juu ya kasha la krenki, nyuma ya silinda, mahali ambapo mchanga wote wa Tandahimba umekuja kuishi. Kwenye BMW iko chini ya silinda ya kushoto. Sugua kwa mswaki na mafuta ya taa, futa, puliza kama una upepo. Tundu utakalolifungua linaelekea moja kwa moja kwenye njia ya oili ya krenki. Punje moja ya mchanga ikiingia humo, kazi ya kwanza ya geji yako itakuwa kukuonyesha beringi zinavyokufa.

2. Washa swichi ya ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya oili iwake. Chomoa waya wa swichi, taa izime. Kama haikuwaka tangu mwanzo, balbu au waya ni mbovu; tengeneza hicho kwanza.

3. Fungua swichi kwa spana inayoikamata sawasawa. Praiz hapana. Ikigoma, pasha moto alumini iliyoizunguka kwa maji yanayochemka, ujaribu tena.

4. Tambua uzi. Hii ndiyo hatua iliyoharibu injini nyingi, basi tuketi hapa kidogo.

Pikipiki nyingi za Kijapani zina uzi mwembamba kuelekea mbele, wa bomba, saizi moja ya nane, wenye meno 28 kwa inchi. Geji na tii nyingi madukani zina uzi wa Kimarekani wa saizi hiyohiyo ya moja ya nane, ila wenye meno 27. Unaona tatizo? Vinafanana machoni. Ukivichanganya, zamu mbili za kwanza zinaingia vizuri kabisa, kama vimeumbwa pamoja. Ya tatu inakuwa nzito. Fundi anasema "aa, ni gundi hiyo," anaongeza nguvu, na alumini inapasuka, au inakula uzi. Wengine wanabahatika ikavuja tu. BMW nayo ina uzi wake, milimita 12 kwa 1.5, ulionyooka, na huo unazibwa na washa ya shaba, haujizibi wenyewe.

Namna ya kupima bila kifaa: shika swichi uliyoitoa mkono wa kushoto, tii mkono wa kulia. Laza uzi juu ya uzi, ubavu kwa ubavu, halafu inua viangalie mwanga wa mlango. Meno yakilaliana mpaka mwisho na mwanga haupiti, ni mamoja. Ukiona mwanga unapenya upande mmoja huku mwingine umeziba, hata kidogo kama unywele, weka chini hiyo tii. Nenda kwa fundi wa kukereza akutengenezee kiungio cha kati, uzi wa injini upande huu, uzi wa geji upande ule. Mimi yangu nilichongewa, na ndiyo ile ninayotumia mpaka leo.

5. Paka gundi kwenye uzi wa tii, lakini meno mawili ya mwanzo yaache makavu. Gundi ikiingia ndani inakuwa kizibo kwenye njia ya oili. Na tafadhali, tepu nyeupe ya mafundi bomba iache kwa mafundi bomba. Inakatika vipande vinavyoingia kwenye injini, tena inaweza kuikatia swichi erthi yake, kwa sababu swichi inapata erthi kupitia uzi wenyewe.

6. Funga tii kwa mkono mpaka ikatae, kisha spana fupi, zamu moja, isizidi moja na nusu. Mwenye spana ya kupima: Honda wanataka Nm 12 tu kwenye swichi hii, ambayo ni nguvu ya mkono wa mtu asiye na hasira. Panga tangu mwanzo mdomo wa tii uangalie wapi, kwa sababu uzi mwembamba wa aina hii haurudishwi nyuma. Ukipitiliza, fungua yote, safisha, paka upya.

7. Rudisha swichi kwenye mdomo mmoja wa tii, rudisha waya. Kwenye mdomo wa pili weka kiungio chenye kizuizi, halafu mpira. Geji usiiweke moja kwa moja juu ya tii, hata kama umeona picha za watu wamefanya hivyo. Uzito unaoning'inia na mtetemo wa injini vitaikata shingo ya tii.

8. Pitisha mpira mbali na ekzosi, mbali na mnyororo, usiguse mapezi ya silinda. Ukitaka geji ikae kwenye usukani, zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, na uangalie mpira haunyooki wala hauminywi. Mimi yangu nimeiweka kwenye fremu, karibu na goti la kushoto, kwenye kibati nilichokunja mwenyewe. Mpira mfupi, matatizo machache.

Kuhusu mpira wenyewe nina ya kusema. Mara ya kwanza nilitumia mpira wa breki, ule mweusi wa kawaida, mpya kabisa. Niliwaza kwamba unaobeba presha ya breki hauwezi kushindwa na bar 5. Presha uliiweza. Oili ndiyo iliyoushinda: mipira ya breki imetengenezwa kwa maji ya breki, na ikikutana na oili ya injini inavimba na kulainika kama mhogo uliolowekwa. Miezi miwili baadaye nilikuwa nashuka kutoka Newala, nimetoka kutazama Shimo la Mungu na wageni wangu, nikahisi buti la kushoto lina joto. Kutazama chini, suruali nyeusi hadi gotini na oili inatiririka kuelekea tairi la nyuma. Nilizima, nikasukuma mpaka kwenye kivuli cha mkorosho, nikakaa pale nikijilaumu. Kosa langu lote, hakuna wa kumsingizia. Paipu za shaba nazo zinakatika kwa mtetemo, na za nailoni zinayeyuka zikisogelea ekzosi.

9. Kagua oili. Wenye CB750 wakumbuke kwamba oili yake inakaa kwenye tangi la pembeni kulia, na pikipiki ikilala wiki kadhaa inashuka chini kwenye injini. Kijiti kitakuonyesha pungufu, utaongeza, na ukiwasha itafurika. Pima baada ya injini kunguruma dakika chache.

10. Jaza njia kabla ya kuwasha. Toa plagi zote, weka swichi ya kuzimia kwenye kuzima, bonyeza stata sekunde tano hadi kumi, pumzisha, rudia. Mshale utaanza kucheza kisha utapanda taratibu. Usipopanda baada ya kurudia mara tano au sita, usiwashe. Nenda kwenye hitilafu hapo chini.

11. Rudisha plagi, washa, acha ingurume bila kuvuta moto. Futa viungio vyote kwa karatasi nyeupe, uangalie karatasi. Macho yanadanganya, karatasi haifichi tone.

12. Endesha mpaka Mikindani na kurudi, kama kilomita 10 kwenda. Simama, futa tena kwa karatasi. Kiungio kilichotulia kikiwa baridi huweza kutoa jasho kikipata moto.

Namba zinasemaje

Andika namba tatu kwenye daftari: asubuhi injini baridi ikinguruma, injini ya moto ikinguruma, injini ya moto kwenye mizunguko 4000. Yangu, na oili ya 20W-50, ni bar 4.5, kisha 0.9, kisha 4.2. Wengi wanashtuka kuona 0.9 wakisimama taa za barabarani mchana wa Novemba. Usishtuke. Oili ya moto ni nyepesi na pampu inazunguka polepole. Kanuni ya mafundi wa injini za vibati ni PSI 10 kwa kila mizunguko 1000, nayo inatosha kukuondoa hofu.

Usilinganishe na ya jirani. Linganisha yako ya leo na yako ya mwezi uliopita, oili ileile, joto lilelile. Yangu iliwahi kushuka kutoka 4.2 hadi 3.5 ndani ya wiki tatu, taa haikuwaka hata mara moja. Nilipomwaga oili ilinuka petroli: kabureta moja ilikuwa inavuja usiku, petroli inashuka kwenye oili. Sindano ya kabureta na oili mpya, namba ikarudi.

Na unapochagua oili, hakikisha ina alama ya JASO MA. Klachi ya Honda inaogelea kwenye oili hiyohiyo, na oili za magari nyepesi zinaifanya iteleze.

Hitilafu

*Mshale sifuri, taa inawaka.* Zima sasa hivi, usisubiri kufika dukani. Angalia kiasi cha oili kwanza, halafu pampu na chujio.

*Mshale sifuri, taa imezima.* Kama taa huwaka ukiwasha ufunguo kabla ya injini, basi injini ina presha, ila haifiki kwenye geji. Mara nyingi kizuizi kimeziba kwa gundi uliyoijaza. Kitoe, tazama mwanga kupitia tundu lake.

*Mshale unapanda polepole asubuhi.* Oili nzito inapita kwenye tundu dogo. Si ugonjwa.

*Mshale unatetemeka kama una homa.* Kizuizi hakipo, au tundu ni kubwa mno.

*Presha iko juu na haishuki hata injini ikiwa ya moto.* Valvu ya kupunguzia presha imekwama, au njia imeziba mbele. Usifurahie namba kubwa.

*Presha inaanguka ukikata kona au ukipanda mlima.* Oili ni pungufu, pampu inavuta hewa.

*Mshale haurudi sifuri ukizima.* Ngoja dakika chache kwanza. Usiporudi, geji imekufa. Hizi za bei ndogo hazipendi kuachwa juani Shangani siku nzima.

*Taa imeanza kutowaka kabisa tangu ufunge tii.* Swichi imekosa erthi. Safisha uzi, au vuta waya wa erthi kutoka kwenye tii hadi kwenye injini.

*Mpira umepasuka njiani.* Hapo ndipo ile bolti fupi inapofanya kazi. Zima, acha ipoe, fungua tii, futa tundu, zungushia bolti ya kuzibia mahali pa swichi, ongeza oili. Waya wa swichi ufunge pembeni usiguse chuma. Futa tairi la nyuma kwa mchanga mkavu na tambara, uondoke taratibu. Mimi siku ile sikuwa na bolti. Nilibebwa mpaka Mtwara kwenye Canter ya magunia ya korosho, pikipiki imelazwa juu ya magunia, na mwenye mzigo akanidai gunia moja lililolowa oili.